Jibu kwa Mama Kalunde Kuhusu Vumbi

Mama Kalunde,
nimeona ulichoandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu:
mwanao anarudi mchafu,
ada unalipa asome, si achezee mchanga.
Nilisoma mara mbili.
Mara ya pili nilikaa chini.

Ni kweli. Ni mchanga wa hapa hapa Isevya,
mweupe kama unga wa muhogo,
unapenya hata kwenye mshono wa soksi.
Sitauombea msamaha.

Saa nne, kivuli cha nguzo ya bendera
hugusa tairi la tatu, lile lililopakwa rangi nyekundu.
Watoto thelathini na wanane wanakijua kivuli hicho
kuliko herufi yoyote niliyoandika ubaoni.
Sipigi kengele.
Mmoja husema tu, "Kimefika,"
na darasa lote linamwagika mlangoni
kama mtama gunia linapochanika.

Wiki ya pili ya Februari niliwafungia.
Tuliambiwa mgeni wa ofisi ya kata anakuja,
watoto wahesabu mpaka ishirini bila kukwama.
Siku ya kwanza walihesabu.
Siku ya pili walihesabu wakitazama dirisha.
Siku ya tatu Msabila alimng'ata Zuhura mkono
kwa ajili ya kifutio,
na Kalunde wako, mama,
aliingia chini ya dawati akabandua rangi ya ukuta kwa kucha,
akaila.
Mgeni hakuja.
Ijumaa nilifungua mlango mwenyewe, saa tatu na nusu,
kivuli kikiwa bado mbali.

Ungemwona tangu hapo.
Wanashikana viuno, wanakuwa treni,
wanazunguka choo, wanapita nyuma ya jiko la uji,
na wakifika kwenye kisiki treni inakatika,
mabehewa mengine Mwanza, mengine Kigoma,
kama pale stesheni kwetu.
Anayekata ni Kalunde. Hakubali kuwa behewa.
"Saba Mwanza! Watano Kigoma! Wewe shuka, huna tiketi!"
Mimi nimesimama na chaki mkononi,
nasikia kutoa na kujumlisha
kutoka kwenye kinywa ambacho Januari
hakikutaja hata jina lake.

Halafu kuna kile kidudu
kinachochimba shimo la mviringo mchangani na kurudi kinyumenyume.
Kila nyumba hapa ina jina lake kwa kidudu hicho.
Anakichokoa kwa unyasi, amechuchumaa,
pumzi ameibana,
vidole viwili na gumba, taratibu, asikiumize.
Jumatatu nilimpa penseli.
Vidole vilikuwa vimeshajua.

Sasa nina jambo, nalo ndilo lililonifanya niandike kurasa mbili.
Kamati inakaa Alhamisi. Wewe ni mjumbe.
Juzi wamekuja na kamba na vigingi,
wakapima uwanja kuanzia barabarani mpaka kwenye kisiki:
fremu sita za maduka, kodi iingie shuleni.
Sikatai, paa linavuja.
Lakini kwa kipimo chao treni haitakuwa na pa kukatikia,
na kivuli cha bendera, saa nne,
kitaangukia ukuta wa duka la vocha.

Nimewaomba wajenge upande wa kisima cha zamani.
Wamecheka. "Mwalimu wa vidudu," wamesema,
"watoto wadogo wanahitaji uwanja wa nini?"
Sikuwa na jibu la kikao.
Nilikuwa na hili tu, la Kalunde.

Sare yake nimeikung'uta, haikukubali.
Kwenye mfuko wa pembeni wa begi nimeweka nusu mche wa sabuni.
Usinirudishie.
Alhamisi ni saa nane mchana,
na wanaanza kupiga kura mapema kabla watu hawajajaa.

Mwalimu Nyamizi,
darasa la awali