Uzi Namba Arobaini na Moja

Paisley iliwahi kuipa dunia nzima uzi wa kushonea.
Sasa kiwanda kimoja ni nyumba za kupanga,
kingine kimebaki dohani lisilo na moshi,
na uzi, ambao haukukubali kufa, umehamia kwetu:
ghorofa ya tatu, chumba chenye baridi ya kukohoza,
ambamo mimi, mtoto wa fundi cherehani wa Korogwe,
nalipwa kuufundisha uzi kufikiri.

Nisiseme kufikiri. Profesa Laidlaw hapendi.
Niseme: hujibu hali ya kidonda.
Haya. Ngozi nzima ina uchachu kidogo.
Bakteria wakihamia, uchachu hutoweka,
na uzi wetu, tuliouchovya katika rangi ya choya,
hutoka wekundu ukaingia buluu,
ukafumbua mdomo, ukatema dawa.
Kabla ya hapo ni bubu. Haumwagi hata tone.
Akiba haiozi, nilimwambia Gurdeep.

Akiba ikaoza.
Namba kumi na saba ilimaliza dawa yote kwa saa moja
kama mlevi siku ya mshahara.
Ishirini na tisa ilikuwa bahili:
bakteria walijenga mpaka mlangoni, wakazaa,
nayo bado inakumbatia dawa yake kifuani.
Thelathini na tano ilikatika kwenye fundo.
Thelathini na sita pia.

Saa kumi na moja jioni huingia Senga na ndoo.
Jina ni Agnes, limegeuzwa kama soksi.
Aliingia kiwandani ana miaka kumi na mitano,
masikio akayaacha huko, kwenye kelele za pia,
siku hizi anasoma midomo.
Ananyoosha mkono: lete.
Anataka kuupitisha ulimini, namkataza,
anatumia ukucha.
Huu, anasema, una fundo moyoni
kabla hujaufunga fundo.
Mashine yetu ya kuvuta, kwa bei ya nyumba,
ilikuja kutuambia hivyo hivyo siku ya Ijumaa.

Arobaini na moja tuliilaza juu ya sahani ya bakteria
usiku kucha, nyuzi thelathini na saba
(lugha yangu hupima joto kwa nyuzi,
hilo sijaweza kumweleza mtu hapa).
Asubuhi wametanda, manjano kama samli,
na kandokando ya uzi, utupu.
Milimita tisa za hakuna kitu.
Sijawahi kuona hakuna kitu kizuri namna ile.
Gurdeep alinikumbatia na glavu zake,
jambo lililokatazwa kwenye bango ukutani.

Novemba Senga alibadilishwa goti.
Walimshona kwa uzi wa kila siku, mweusi.
Siku ya nane kidonda kikavimba, kikawa na moto,
na uzi mweusi ukabaki mweusi,
umekaa katikati ya wizi kama mlinzi aliyelala.
Nilimpelekea zabibu.
Aliuliza kwa midomo tu, bila sauti,
kama mimi ninavyoongea naye:
ni wenu?

Si wetu. Wetu una panya kumi na wawili,
halafu sungura, halafu fomu, halafu kamati,
halafu miaka.
Alicheka mpaka nesi akageuka.
Kisha akafunua shuka, nikahesabu:
mishono ishirini na mitatu, wa mwisho umepinda.
Aliyeshona, akasema, alikuwa na njaa.

Leo ndoo imekuja na kijana nisiyemjua,
ana vidude vya muziki masikioni.
Arobaini na mbili iko mezani.
Nafunga fundo, nalipitisha ukucha.
Linakataa, kidogo,
mahali ambapo mashine haitaona.
Nafungua.