Kopi Asili

Mabela, sanaiya, saa tano ya asubuhi,
jua limeshakaa juu ya mabati kama mdai.
Ghasib anavuta turubai. Linatangulia vumbi,
kisha gari: buluu, mistari miwili myeupe,
pua pana, viti viwili vya watu wasiogombana.

"Kopi," anasema, "sikufichi. Lakini kopi asili."

Nacheka. Yeye hacheki.
Yapo, anaeleza, makopi ya kiwandani,
yenye karatasi, yenye namba, yenye wenyewe;
na yapo makopi ya makopi,
yaliyopigwa kibandani kwa kukisia picha.

Nimekuja na sumaku ya friji,
ya binti yangu, ngome ya Nizwa iliyokatika mnara.
Naibandika mlangoni: inaanguka. Faiba, vyema.
Naibandika kwenye boneti: inaanguka.
Sumaku haisemi uongo, ila haijui mengi.

Nalala chini na kanzu yangu, juu ya kadibodi.
Chasisi ya mabomba ya duara, ndivyo itakiwavyo;
nyuma, pasipotazamwa, mabomba ya pembe nne.
Na kibati cha kiwanda, pale kizingiti cha mlango,
herufi zimepauka,
ribiti zake mbili zinameta kama meno ya kununua.

"Na wewe," anauliza Ghasib, naona ndara zake tu,
"asili yako wapi?"
"Ibra."
"Ibra ya Ibra, au Ibra ya Bububu?"

Kiarabu changu kimenichongea tena.
Ile *ha* ya kooni, miaka thelathini naifukuza,
bado inanitoka nyepesi, kama ya kuhema.
Pasi ninayo. Nasaba ninayo, babu kwa babu, kumi na mmoja.
Sijibu. Grisi inanidondokea shavuni.

Chini ya dashi namulika kwa simu:
mtu kachora kwa msumari, herufi za Kimalayalam,
mwaka tisini na nane, na kasamaki kadogo.
Si jina la kiwanda. Ni la mkono.
Na weldi zake zimelala
kama uzi wa kofia ya viua.

"Riali elfu nane."
"Nne na mia tatu. Na kibati ukitoe kwanza."
"Bila kibati, hili gari gani?"
"Hili hili."

Ananitazama kitambo. Anakwenda kutafuta drili.

Siku hizi nikipita Burj al-Sahwa, kasi mia na ishirini,
matundu mawili ya ribiti yanapiga mluzi.
Binti yangu anataka tuyazibe.
Namwambia: kesho.