Nambari Iliyokuja kwa Miguu

Barua ya idara ilisema: kuanzia mwezi wa tatu
hatutatuma tena hati za pensheni kwa karatasi.
Fungua akaunti mtandaoni. Ni rahisi, ni salama.
Nikacheka peke yangu jikoni,
mimi niliyebeba karatasi za serikali miaka thelathini na mmoja,
njia namba nne, mji wa Ishpeming, Michigan,
theluji magotini, mkoba ukinikata bega.

Haya. Kahawa upande huu, miwani upande ule.
Jina: Aili Rautio. Ikakubali.
Nywila: herufi kumi na mbili, kubwa kwa ndogo,
tarakimu, na alama moja ya ajabu,
ile nyota, au ile ngazi iliyolala.
Nikaandika jina la marehemu mume wangu.
*Dhaifu*, ikasema mashine, kwa maandishi mekundu.
Toivo, dhaifu!
Mtu aliyenyanyua injini ya trekta kwa mikono
kisha akaulizia chakula.
Nikamwongezea mwaka wa harusi na ngazi iliyolala.
*Imara.*
Naam. Hata ndoa yetu ilihitaji nyongeza.

Mbwa wako wa kwanza aliitwa nani?
Ewe mashine, unamuuliza tarishi habari za mbwa?
Nina makovu mawili mguu wa kushoto
na majina yote mawili nayakumbuka.

Weka kidole. Tena. Kipanguse, uweke tena.
Haikusoma kitu.
Bahasha zimenisugua hadi nikawa laini kama kijiko;
alama zangu nilishazigawa,
mlango kwa mlango, bila kudai risiti.

*Nambari ya siri imetumwa kwa simu yako.*
Simu ipi? Ile ya mezani,
tuliyoikata mwaka aliozikwa Toivo.
Dakika kumi nikaitazama saa,
tarakimu sita zikibisha hodi kwenye waya usio na mtu.
Kisha ukurasa ukajifunga.

Nikapiga simu. Muziki, dakika arobaini na saba.
Mwishowe bibi mmoja mpole, Bi Ledoux, akakohoa, akasema:
"Imebaki njia moja tu, mama.
Nambari tutakutumia kwa posta."
Nikanyamaza.
"Mama, bado upo?"
Nipo, nikasema. Nipo sana.

Siku ya saba alipiga mwingine, sauti ya asali,
eti ni wa idara, eti barua ikifika nimsomee yaliyomo,
aniharakishie mambo.
Nikamwambia: mwanangu,
barua za mji mzima zimepita mikononi mwangu,
za mapenzi, za madeni, za waliokufa vitani,
na sikuwahi kuchungulia hata moja.
Nikufungulie wewe yangu?
Akakata yeye kwanza.

Siku ya tisa, vishindo kwenye ngazi.
Namjua kwa mwendo: Jory, niliyemwonyesha njia namba nne,
wapi barafu inadanganya, kwa akina Heikkinen,
geti gani huinuliwa kabla ya kusukumwa.
Bahasha nyepesi kuliko jani.
"Kuna nini humu, Aili?"
"Siri," nikasema. "Na wewe hujaiona."
Akasimama wima kama siku ile ya kiapo chake.

Tarakimu sita. Kidole kimoja kimoja.
Ukurasa ukafunguka: jina langu, miaka yangu ya kazi,
maisha yote yakiwa yameketi kwenye mistari minne,
na fedha ya mwezi, sahihi hadi senti.
Sikuwa na la kulalamika. Nilitafuta.

Jumatatu Jory akapita, hana kitu changu.
Akainua mkono, akaendelea kwa akina Heikkinen.
Nikatoka na ufagio
nikakipangusa theluji kisanduku changu cha barua,
juu, kisha mlangoni,
kama desturi inavyotaka.