Gololi

Kabureta niliifungua mwenyewe, juu ya meza ya kulia,
Ijumaa, baada ya biriani,
na Swabra akasema, "Hiyo meza hutaifuta kwa dua."

Nikatandika gazeti. Nikaomba sinia.
Jeti kubwa, jeti ndogo, sindano ya floti,
springi nyembamba kama ukope wa mtoto,
skrubu tatu zisizofanana, nikazichora kwa penseli
pembeni mwa matangazo ya vifo,
nisije nikasahau ipi inaingia wapi.
Petroli ilinuka hadi kwenye mapazia.
Hadi kwenye maziwa, Swabra alisema,
lakini Swabra huongeza.

Jumapili nikaifunga. Gasketi mpya ya Mwembe Tayari,
shilingi mia nane, na muuzaji kaapa kwa watoto wake.
Pijo yangu, mia nne na nne, rangi ya chai ya maziwa,
ikakohoa mara mbili, ikashika,
ikanguruma pale uani Tudor
kama paka aliyeshiba.
Nikapiga honi. Majirani wakafungua madirisha.
Ndipo nikakanyaga mafuta, nitoke langoni kwa ushindi,

ikazima.

Nikawasha. Ikakubali.
Nikakanyaga. Ikazima.
Ukienda nayo polepole, kama aingiaye chumba cha mgonjwa,
inakwenda. Ukiiamuru,
inashtuka, inameza mate, inakufa.

Siku tisa nimesoma tabia yake.
Kwanza nililaumu petroli: nikaimwaga, nikanunua nyingine Makupa.
Kisha nikalaumu hewa ya chumvi,
hii inayokula mabati na bawaba za milango yetu
na haijawahi kushtakiwa popote.
Nikapuliza jeti kwa pampu ya baiskeli.
Nikatumbukiza floti kwenye maji moto, nikasubiri povu.
Hapana povu. Floti nzima.
Nikageuza skrubu ya hewa, robo kulia, robo kushoto,
kama mtu anayetafuta stesheni ya redio usiku.

Fundi Kalume alipita. Mikono hakuitoa mfukoni.
"Umefunga vyote?"
"Vyote."
"Hakuna kilichobaki?"
Nikamletea sinia. Limeshaoshwa, linang'aa.
Akalitazama kuliko alivyolitazama gari,
akaenda zake.

Jana mkwe wangu, Bi Mwanakheri, kakaa barazani
anachambua mchele kwenye sinia lilelile,
kidole kimoja kinatembea, punje baada ya punje,
mawe kando, pumba kando, hana haraka na mtu.
"Mchele wenu wa Mombasa," akasema, "una mawe ya mviringo.
Wiki jana nimelitoa moja hapa ukingoni,
la chuma. Lingekuvunja jino."

Nikainama mbele yake na mikono yangu ya grisi.
"Umelitupa?"
"Mie situpi kitu nisichokijua jina."

Akafungua fundo la leso:
noti ya shilingi hamsini, karafuu mbili,
na gololi ya pampu, ndogo kuliko punje ya mtama,
iliyokaa siku zote hizo kiunoni mwa mama
wakati mimi nabishana na hewa.

Usiku, kwa tochi ya simu, nikaidondosha tunduni mwake.
Ik! Basi. Sauti hiyo tu.

Asubuhi nilikanyaga, Pijo ikaruka
hadi mwisho wa mtaa, na Bi Mwanakheri kiti cha mbele
kashika mlango kwa mikono miwili, anasoma anachokijua.
Swabra akatupungia kutoka dirishani.

Sijamwambia kwamba leo, nikikunja gazeti lile,
imeanguka washa moja, nyembamba, ya shaba.
Gari linakwenda.
Washa nimeifunga kwenye leso yangu mwenyewe.