Madereva Wawili

Ofisi ya bima iko Ghubra, juu ya duka la matairi,
ngazi kumi na tisa; nimezihesabu kwa magoti.
Niliposhuka tu garini, Mundhiri alihamia kiti cha dereva.
Nilimwona kwenye kioo cha duka.
Sikusema kitu.

Kijana wa kaunta alinisikia kwenye simu,
"Usiguse gia, nakuja,"
akacheka, akakiacha Kiarabu mezani:
"Shikamoo. Bibi yangu mzaa mama katoka Wete.
Safari ya wapi?"

Sharja, siku nne za Idi, kwa mdogo wangu Thuweba
aliyenunua kabati jipya na hana wa kumsifia.

"Bima yenu inaishia mpakani, bi.
Mkishapita Wajaja, gari ni yatima.
Mnataka ile karatasi ya rangi ya chungwa."
Akanisomea, kidole kikishuka na mistari:
kugongana, imo; gari la mtu, imo;
kioo, uongeze kidogo;
wadi likishuka na mafuriko, ukaingia kwa kusudi, haimo;
ngamia...
akageuza ukurasa, akaurudisha.
"Ngamia ngoja nimuulize mkubwa."

Ngamia tunamjua sisi.
Mwaka wa tisini na tatu, njia ya Adam, alfajiri,
Mundhiri na lori la mabomba,
yeye kasimama katikati kama mwenye nyumba.
Lori lililala ubavu. Ngamia akaenda zake.
Miaka thelathini njiani, ajali moja,
na mpaka leo anasema ngamia ndiye hakuwasha taa.

"Dereva nani?"
Mimi.
"Na huyu aliyemo kwenye mulkiya?"

Sukari imemla macho polepole, panya na gunia:
kwanza mabango ya barabarani,
kisha wajukuu wakiwa upande wa pili wa uwanja,
kisha mwezi wa Ramadhani hii,
sote juu ya dari tunaonyeshana kwa vidole,
naye akaitikia, "Ule pale,"
uso kaupeleka kwenye mnara wa simu.
Leseni bado ina miezi mitano.
Macho hayakuisubiri.

"Nikimfuta, zinapungua riyali mbili na baiza mia tano."
Mwache.
"Kwani ataendesha?"
Mwache, mwanangu. Tuandike wote wawili.
Akanitazama, akapiga muhuri kwa upole,
kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Chini nilimkuta kiti cha abiria, mkanda kaufunga,
mtoto aliyeonja halwa akafuta midomo.
Usukani ulikuwa na joto la viganja.
Akaipokea karatasi, akaileta puani, akaigeuzia jua.
"Wameniandika?"
Wa kwanza, nikasema.
Wa kwanza nilikuwa mimi.

Barka akaniambia punguza. Suhari akaniambia ongeza.
Shinasi akauliza kama bahari bado iko kulia
au wameshaihamisha.
Nikamjibu ipo.

Wajaja, saa nne na nusu, foleni ya magari yenye magodoro juu,
askari kijana akasoma majina, akainama dirishani:
"Dereva nani?"
Nikafungua mdomo.

"Tunapokezana," akasema Mundhiri,
kaikazia macho njia pale alipodhani ipo.
"Leo zamu yake."