Geuza Mti

Mlandege, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati.
Kiyoyozi chadondoka ndani ya ndoo ya rangi,
to, to,
na mimi nahesabu kama ndiyo kazi niliyoiombea.

Bwana Machano ananisogezea kalamu ya ubaoni.
"Dakika ishirini. Mti huu ugeuze,
tawi la kushoto liende kulia, hivyo hivyo hadi chini."
Kauchora kwa viduara na vijiti,
shina juu, matawi chini:
umeshapinduka kabla sijaugusa.

Kwetu Mtambwe mti hupaliliwa, hukwewa, huchumwa,
na msimu mmoja humtupa mtu:
baba hadi leo achechemea kwa mkarafuu wa jirani.
Wala hakuna aliyemwambia augeuze.
Nikalimeza hilo pamoja na mate.

Mimi nimekuja na fomu ya kliniki.
Niulize kitufe cha "Hifadhi", bwana,
kwa nini kipo kushoto.
Simu ya Bi Raya mkunga ina ufa upande wa kulia,
ukigusa hapo haisikii.
Siku tatu nilikihamisha kitufe kile,
nikakinenepesha, nikakitia rangi isiyozimwa na jua la uani,
naye akaandika watoto kumi na wanne wiki ile
bila kumwita mtu.

Haulizi. Anatazama saa.

Basi naandika. Kalamu kavu, nusura niilambe.
Naandika kazi inayojiita yenyewe,
kama pale skuli: mtoto katumwa kumwita mwalimu,
mwengine katumwa kumwita yule,
mpaka darasa zima liko nje.
"Na itasimama wapi?"
"Patakapokuwa hapana kitu," nikasema.
Nilikuwa nawaza nauli ya boti ya kurudi.
Akaitikia kwa kichwa, akatia alama.
Kumbe ndilo jibu.

"Tutakupigia."
Hidaya aliambiwa hivyo Mfunguo Nne,
hadi leo haizimi simu yake, hata msibani.

Chini, mlangoni, mgeni hujitoa mwenyewe
kwenye kioo kilichobandikwa ukutani,
ukurasa wa kampuni hiyo hiyo.
Kitufe cha "Toka" kimezama nusu chini ya ukingo.
Nagusa.
Nagusa tena.
"Kwa ukucha," asema mlinzi bila kuinua macho.
"Wote hutoka kwa ukucha."