Shavu la Kushoto

Asubuhi kahawa ilinitoroka,
ikapitia pembe ya mdomo kama mwizi anayeijua nyumba,
ikadondokea shati. Jarmila akacheka,
kisha akanitazama vizuri,
akaacha kucheka.

Mimi ni mpuliza kioo.
Miaka thelathini na minne shavu hili
ndilo mvukuto ulionilisha:
vuta, jaza, puliza bomba la chuma,
na ule uji wa moto kwenye ncha
ukavimba, ukakubali kuwa jagi.

Hospitali ya Liberec, ghorofa ya tatu, theluji dirishani.
Daktari Mlejnková, umri wa binti yangu,
mfukoni ana tochi, kishada cha pamba,
na uma wa chuma usiolia chakula.
"Neva kumi na mbili zinatoka fuvuni," akasema,
"nitazipigia hodi zote."

Akaniwekea kichupa puani.
Kahawa, nikajibu. Ile ile iliyonitoroka.
Herufi za ukutani nikazisoma hadi zile za chini kabisa.
Kalamu yake ikatembea hewani, macho yakaifuata,
kulia, kushoto, juu, chini, bila kuteleza.
Tochi: mboni zikanywea zote mbili kwa pamoja.
Pamba ikanigusa paji, shavu, kidevu.
"Unasikia?" Nasikia. "Na huku?" Nasikia.
Ngozi inasikia, basi. Haitii tu.

"Fumba macho, kaza."
La kulia likafumba. La kushoto likagoma,
likabiringika juu, jeupe, likabaki wazi
kama duka la mtu aliyekimbia deni.
"Jaza pumzi mashavuni, uzuie."
Psss.
Miaka thelathini na minne. Psss.

Nikamkumbuka baba.
Alianguka mbele ya tanuri na mdomo umepinda hivi hivi,
ila paji lake lilikunjamana pande zote mbili,
akaninunia mpaka siku ya tatu, ndipo akaenda.

"Inua nyusi," daktari akasema.
Kulia makunyanzi matatu. Kushoto pamelala,
laini kama sahani iliyopoa.
"Tena." Nikainua tena. Hakuna.
Naye akatabasamu! Nilikaribia kumtukana.

"Paji lina mabwana wawili," akaniambia.
"Nusu zote mbili za ubongo hulituma.
Kiharusi kikiua mmoja, wa pili hulikunja bado.
Lako limenyamaza lote, nywele hadi kidevu.
Basi ubongo si wa kulaumiwa. Ni waya wenyewe,
umevimba katika kijia chake cha mfupa, nyuma ya sikio."

Kumbe heri yangu ilikuwa kwamba nimekufa nusu nzima,
si nusu ya nusu.

Jibu alikuwa nalo, lakini hakuacha kupiga hodi.
Uma ukaimba sikioni, kushoto ukapiga kelele kama kengele ya kanisa.
"Sema aaa," kimio kikapanda wima.
Mabega nikayainua dhidi ya mikono yake.
Ulimi nikautoa, ukanyooka.
Nikamheshimu kwa hilo. Hata mimi
huligonga kwa kucha jagi ninalojua ni zima.

Vidonge. Matone ya jicho. Usiku, jicho libandikwe plasta.
"Wiki kadhaa. Pengine miezi." Hakuniapia.

Karakanani sasa anapuliza Vojtěch,
kijana wa miaka kumi na tisa, pumzi nyingi, subira haba.
Mimi natoa amri huku nimebana shavu kwa kidole,
maana "p" zinanivuja.

Jana usiku mbele ya kioo cha bafuni
niliinua nyusi kwa mazoea, bila tamaa.
Juu ya jicho la kushoto pakatokea mstari,
mwembamba, unywele tu.

Kwenye jagi, mstari kama huo
ningelitupa ndooni likavunjike.

Nilimwita Jarmila alete taa.